Bidii ya Kutulia

Somo: 1 Wathesalonike 4:9-12, pamoja na 2 Wathesalonike 3:6-13

Ndugu wapenzi, walimu na wazee wa sharika, na kila asomaye: fungueni Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa nne, mkasome aya ya tisa mpaka ya kumi na mbili, polepole, mara mbili. Ni maneno machache, na kwa ajili ya uchache wake wengi huyapita mbio, wapate kufika aya ya kumi na tatu penye habari za waliolala na za kuja kwake Bwana. Tusiyapite. Mwalimu ayafundishaye pasipo kuyachungua aweza kuwaumiza watu badala ya kuwajenga, kama tutakavyoona mbele.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Thesalonike ulijengwa yapata mwaka 315 kabla ya Kristo na Cassander, mtawala wa Makedonia, akauita kwa jina la mkewe, aliyekuwa dada yake Aleksander Mkuu kwa baba. Wakati wa Mitume palikuwa makao ya liwali wa Kirumi. Ulikuwa na bandari, na njia kuu ya Warumi iitwayo Via Egnatia ilipita hapo, ikitoka pwani ya Adria kwenda mashariki. Basi tufikiri mji wa mabaharia, wachukuzi, mafundi na wachuuzi, wenye soko kubwa na makelele mengi.

Paulo aliingia humo akitoka Filipi, alikopigwa viboko na kufungwa. Tukisoma Matendo ya Mitume mlango wa 17 twaona ya kuwa alihubiri katika sinagogi sabato tatu, na watu kadha wa kadha wakaamini. Ndipo wenye wivu walipokwenda kutafuta watu wa kufanya fujo. Wakawatafuta wapi? Sokoni. Neno la Kiyunani alilolitumia Luka lataja watu wa sokoni, yaani wale washindao pale pasipo kazi, walio tayari kwa lo lote litakalotokea. Hao ndio waliolizunguka kundi, wakaishambulia nyumba ya Yasoni, wakamburuta yeye na ndugu wengine mbele ya wakubwa wa mji kwa mashtaka makubwa sana: ya kuwa watu hawa waupindua ulimwengu na kumtaja mfalme mwingine badala ya Kaisari. Yasoni akatozwa dhamana, na Paulo akaondoshwa usiku.

Yaangalieni hayo vema, maana bila hayo hatutaelewa waraka. Usharika ule ulikuwa mchanga, haukupata hata mwaka mmoja wa mafundisho, na tayari ulikuwa na jina baya mjini. Kila jirani alikuwa amesikia ya kuwa Wakristo ni watu wa fujo. Paulo alipowaandikia kutoka Korintho, yapata mwaka 50, alijua ya kuwa neno moja la kipumbavu, au deni moja lisilolipwa, laweza kuwarudisha ndugu mbele ya wakubwa.

Sasa tuyatazame maneno. Mtume awataka waone fahari katika kukaa kwa utulivu, kila mtu ashughulike na yaliyo yake, na mikono yao wenyewe iwe kazini, ili mwenendo wao uwe wa heshima machoni pa walio nje, wala wasiwe watu wa kutegemea wengine. Lile neno la kwanza, ambalo nimelifasiri kuwa ni kuona fahari, kwa Kiyunani latoka katika kupenda heshima. Nalo lilijulikana sana katika miji ile. Tajiri akijenga bafu la watu wote, au akigharimia michezo, mji ulimchongea jiwe na kumsifu kwa ajili ya kupenda kwake heshima. Na mwenzake alipoliona jiwe lile hakulala usingizi mpaka naye amepata la kwake. Ni neno la mashindano. Paulo alitwaa neno hilo la watu wakuu akaliunganisha na kutulia. Ni kama kusema: shindaneni kwa kutoshindana.

Nadhani hapa Mtume alitabasamu kidogo alipokuwa akiandika. Lakini jambo lenyewe si mzaha. Kupenda heshima hakufi mtu akibatizwa. Huvaa kanzu nyingine. Yuko mtu ambaye hawezi kuketi kanisani ila pale mbele. Yuko atoaye sadaka kwa furaha akijua jina lake litasomwa, na lisiposomwa hukasirika mwezi mzima. Hata kwenye mnada wa mazao baada ya ibada husikika sauti moja ikipanda juu ya zote, na kila mtu hugeuka kumtazama aliyeinunua ndizi ile kwa bei kubwa. Naye mtunza hazina huja kuidai fedha hiyo mpaka mavuno mengine. Mungu hakatai bidii yetu, walakini aigeuza mahali pake pa kukimbilia. Yule aliyekuwa akijitahidi aonekane, sasa ajitahidi kazi yake iwe njema hata pasipo mtu wa kuitazama.

Wengine hukosea upande wa pili, hudhani kutulia ni kunyamaza mbele ya kila jambo. Sivyo. Mtume huyu huyu, alipokuwa Filipi na wakubwa wa mji wakataka kumtoa gerezani kwa siri, alikataa. Alisema yeye ni raia wa Rumi, naye amepigwa hadharani pasipo hukumu, basi na waje wao wenyewe wamtoe. Nao wakaja (Matendo 16:37-39). Hakupiga kelele, wala hakutukana, ila haki aliitaja waziwazi. Kwa hiyo mzee wa usharika aonaye shamba la yatima likinyang'anywa na amu zake, akanyamaza kwa kusema Biblia yatuagiza utulivu, huyo ajificha nyuma ya Neno la Mungu, na atatoa hesabu yake. Utulivu alioufundisha Paulo ni kuacha ghasia, kujionyesha na uchongezi. Haukumwondolea mtu wajibu wa kusema kweli.

Juu ya uchongezi nitasema machache, kwa kuwa kila mtu ajua ulivyo. Katika Waraka wa pili, mlango wa 3 aya ya 11, Paulo acheza na maneno: anawataja watu wasio na shughuli yo yote ila kujishughulisha na ya wengine. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yatufundisha katika amri ya nane ya kuwa haitoshi kuacha kumsingizia jirani. Yatupasa pia kumtetea na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Iwe barazani, iwe kisimani, iwe kwa simu, amri ni ile ile.

Tuje kwenye mikono. Kwetu sisi wakulima si ajabu kusikia ya kuwa kazi ya mikono ni njema, lakini kwa watu wa dunia ile lilikuwa neno gumu. Cicero, mwenye hekima wa Kirumi aliyekufa mwaka 43 kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu chake juu ya wajibu ya kuwa karakana ya fundi haina jambo lo lote limfaalo mtu muungwana. Kazi ya mikono ilihesabiwa kuwa ya watumwa na maskini. Wayahudi walifikiri vingine: walimu wao walifundisha ya kuwa baba asiyemfundisha mwanawe kazi ya mikono ni kama amfundishaye wizi. Paulo alilelewa katika elimu hiyo. Alikuwa msomi, mwanafunzi wa Gamalieli, tena alijua kushona mahema. Na huko Korintho alikaa kwa Akila na Priskila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja (Matendo 18:3). Thesalonike nako alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu (1 Wathesalonike 2:9), ijapokuwa ndugu wa Filipi walimpelekea msaada zaidi ya mara moja (Wafilipi 4:16). Basi hakuwaagiza neno ambalo hawakuliona kwake. Walipolisoma agizo lile waliikumbuka sindano yake.

Martin Luther aliifufua elimu hii wakati watu wengi walipodhani utakatifu unakaa katika nyumba za watawa tu. Katika Katekisimo Kubwa, amri ya nne, asema ya kuwa msichana mtumishi afanyaye kazi za nyumba kwa kumtii Mungu yampasa kurukaruka kwa furaha, kwa kuwa kazi yake yapita utakatifu wa watawa waliojichagulia taabu zao wenyewe. Mama ateкaye maji, kijana achungaye ng'ombe, karani aandikaye hesabu kwa unyofu, wote wamo katika neno hilo. Nasi tuna vijana waliomaliza shule wanaoona aibu kushika jembe mbele ya wenzao. Tusiwacheke. Aghalabu ni sisi wazazi tuliowaambia tangu utoto: soma, usije ukalima kama mimi.

Sasa juu ya walio nje. Jirani yetu mwenye duka, ambaye pengine ni Mwislamu mcha Mungu, hakuja kusikia mahubiri yetu ya Jumapili. Lakini analo daftari la madeni, na humo majina yetu yameandikwa. Akifungua ukurasa akamwona mwalimu wa Injili amekopa sukari na mafuta ya taa tangu Pasaka, na kila apitapo dukani huzunguka njia ya nyuma, je, atasikia nini mwalimu yule akisimama kuhubiri kaburini? Kadhalika seremala Mkristo apokeaye arubuni ya mlango, kisha arubuni ya kitanda kwa mtu mwingine, kisha arubuni ya tatu kwa ajili ya mbao za ule mlango wa kwanza. Kadhalika mama auzaye maharage kwa debe lililobonyezwa kitako. Luther katika amri ya saba hakuwahesabu wezi wavunjao nyumba usiku tu. Aliwahesabu pamoja nao mtumishi mvivu, fundi aharibuye kazi na kudai malipo makubwa, na mfanyabiashara wa mizani ya uongo; akasema wezi wa namna hiyo wakinyongwa wote, dunia itabaki ukiwa, na wanyongaji hawatatosha.

Lakini nimekusudia hasa kusema juu ya aya moja, maana naogopa kwamba yatumiwa vibaya miongoni mwetu. Ni 2 Wathesalonike 3:10, neno lijulikanalo hata na watoto, ya kuwa mtu asiyetaka kufanya kazi hata chakula asile. Nimelisikia likisemwa kwa mjane aliyekuja kuomba unga. Nimelisikia likisemwa kwa kijana aliyezunguka mji mzima akitafuta kazi asipate. Limesemwa hata kwa mgonjwa. Na kila mara msemaji alijiona ameilinda Injili.

Tazameni neno lenyewe. Paulo hasemi asiyefanya kazi, bali asiyetaka. Kwa Kiyunani neno la kutaka limo, wala haliwezi kuondolewa. Asemwa mtu mwenye nguvu na nafasi, aliyeiona kazi akaikataa, akachagua kula jasho la ndugu zake. Mtume awaita watu hao kwa neno la askari aliyeacha mstari wake. Kwa nini waliiacha kazi hatuambiwi waziwazi. Wataalamu wengine hudhani walingoja siku ya Bwana, maana palikuwa na uvumi ya kuwa imekwisha kufika (2 Wathesalonike 2:2). Wengine hudhani walikuwa wafuasi wa matajiri, wakishinda malangoni pao asubuhi kuwasalimu na kungoja kupewa kitu, kama ilivyokuwa desturi ya Warumi. Lo lote lililowavuta, nguvu walikuwa nazo. Na ili mtu asije akaligeuza agizo hili kuwa fimbo ya kuwapigia maskini, aya ya 13 yafuata mara moja, ikiwasihi ndugu wasilegee katika kutenda mema. Yeye aisomaye aya ya 10 asiache kusoma mpaka afike hapo.

Jinsi Wakristo wa kwanza walivyolielewa jambo hili twaweza kuliona katika kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi huhesabu ya kuwa kiliandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilikuwa kimepotea miaka mingi, mpaka Philotheos Bryennios alipokiona katika maktaba moja huko Konstantinopoli mwaka 1873, akakitoa chapa mwaka 1883. Mlango wa 12 wake wasema juu ya mgeni ajaye kwa jina la Bwana. Apokewe. Akiwa msafiri, asaidiwe kwa kadiri ya nguvu za wenyeji, asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikiwa lazima. Akitaka kukaa kabisa, naye ni fundi, afanye kazi yake apate kula. Na ikiwa hana ufundi? Hapo usharika waagizwa kufikiri na kumtengenezea njia, ili asikae Mkristo kati yao bila kazi. Ni yule asiyekubali hata hivyo ndiye ahesabiwaye kuwa mtu wa kumchuuza Kristo.

Wazee wetu hawakuisoma Didake, lakini mithali yao yafanana nayo sana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja mithali hii kwa kumfukuza mgeni. Isikilizeni tena. Haisemi mwonyeshe njia. Yasema mpe jembe. Mwenye kumpa mtu jembe lazima awe nalo, tena lazima awe na mahali pa kumwonyesha alime. Mgeni aliyepewa jembe ameingizwa katika kazi ya nyumba ile, na jioni ataketi sahani moja na wenyeji. Basi kabla hatujamwambia mtu asile, tuulizane: je, usharika umempa jembe? Yule kijana azungukaye mjini, ni nani kati ya mafundi wetu aliyemwita akae naye ajifunze? Yule mjane, shamba lake limelimwa na nani tangu mumewe alipokufa? Na mgonjwa, huyo hana sehemu katika aya hii kabisa, aachwe ale kwa amani.

Zaidi ya hayo, Wathesalonike wenyewe hawakuwa matajiri. Paulo aandika baadaye ya kuwa makanisa ya Makedonia yalikuwa katika umaskini mkubwa, nayo yalitoa kuliko uwezo wao kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu (2 Wakorintho 8:1-4). Ndiyo maana agizo la kazi limewekwa ndani ya maneno ya upendo wa ndugu, katika aya ya tisa na ya kumi tulizozisoma mwanzo. Mwenye nguvu asipofanya kazi, chakula chake hutoka katika chungu cha mwenziwe aliye maskini kama yeye. Na mwenye nguvu akifanya kazi, kwapatikana cha kumpa asiyeweza; hivyo hasa ndivyo ilivyoandikwa katika Waefeso 4:28 juu ya mwizi aliyetubu.

Tuna mfano ulio karibu nasi wa watu waliotulia wakafanya kazi. Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, wamisionari Wajerumani walilazimishwa kuiacha nchi, na mwaka 1920 wale wa Kilimanjaro wakaondoka. Watu wengi walidhani sharika zitavunjika. Hazikuvunjika. Walimu na wazee wenyeji waliendelea kuwakusanya watu siku ya Jumapili, kuwafundisha watoto kusoma, na kuwatembelea wagonjwa, na siku za juma walikuwa shambani kama jirani zao. Majina ya walio wengi wao hayamo vitabuni. Wajukuu wao wamo katika makanisa yetu leo, na wengine huenda wanalisoma somo hili bila kujua ya kuwa babu yao alikuwa mmoja wa watu wale.

Ninyi walimu mtakaolifundisha somo hili, msomeni pamoja na watu Matendo ya Mitume 20, tangu aya ya 33. Paulo yupo Mileto, anaagana na wazee wa Efeso, naye ajua hatawaona tena. Awakumbusha ya kuwa hakutamani fedha ya mtu wala nguo, kisha awaonyesha mikono yake, akisema mikono hiyo ilimtumikia yeye na waliokuwa pamoja naye, kusudi wajue ya kuwa kwa taabu ya namna hiyo wanyonge hupata kusaidiwa. Hapo ndipo awakumbushapo neno la Bwana Yesu juu ya heri ya kutoa, neno ambalo halimo katika Injili zote nne, nasi tungalilikosa kama Paulo asingalilitaja siku ile. Akapiga magoti pamoja nao akaomba. Wakalia sana, wakamwangukia shingoni, wakamsindikiza mpaka merikebuni.